Mtoto Akisema Mguu Unauma, Tumwamini
Wito kwa wazazi, walimu na wanamichezo wa Bisibo na majirani zake

Ndugu zangu wa Bisibo, wa Biharamulo yote, na majirani zetu wa Ngara,

Kila msimu wa michezo ya shule unapokaribia, siku za watoto wetu hubadilika ghafla. Mwanafunzi aliyekuwa akikimbia mchakamchaka wa asubuhi tu sasa anatakiwa uwanjani kila jioni. Shule inatafuta timu itakayoshinda kwenye kata, kata inatafuta ya kupeleka wilayani, na kila mtoto anaota kuvaa jezi ya Mkoa wa Kagera kwenye mashindano ya kitaifa ya shule, UMITASHUMTA ya msingi au UMISSETA ya sekondari. Ndoto hiyo ni njema na tunapaswa kuilinda. Lakini ikifika wiki ya pili au ya tatu, baadhi yao huanza kushika mguu chini ya goti wakimaliza mazoezi. Wanasugua ugoko, wanachechemea kidogo, na wakiulizwa wanajibu kwamba hakuna kitu. Anayethubutu kusema ukweli mara nyingi huambiwa anategea.

Naandika kwa ajili ya huyo anayeambiwa anategea. Maumivu ya ugoko yatokanayo na kukimbia ni jeraha linalojulikana duniani kote. Sababu zake zinaeleweka, dalili zake unaweza kuzitambua kwa vidole vyako mwenyewe, na yakiwahiwa hupona kwa gharama ndogo sana. Yakipuuzwa, mfupa unaweza kuingia ufa. Kwa hiyo ombi langu ni moja: mtu yeyote akisema ugoko unamuuma baada ya kukimbia, tumwamini siku hiyo hiyo, na tumpunguzie kazi siku hiyo hiyo.

Maumivu haya yanatoka wapi

Kati ya goti na kifundo cha mguu, upande wa mbele, upo mfupa mkubwa wa muundi. Mtu anapokimbia, kila unyayo unapogonga ardhi mguu hupokea mzigo wa mara mbili hadi tatu ya uzito wa mwili. Mzigo huo wenyewe si adui, maana ndio unaoukomaza mfupa. Chembe hai ndani ya mfupa huondoa sehemu zilizochoka na kujenga mpya, kazi inayohitaji wiki nyingi na usingizi wa kutosha. Tatizo huanza pale mzigo unapoongezeka haraka kuliko ujenzi. Sisi wa huku tunaijua barabara ya Lusahunga hadi Rusumo na malori yake mazito: malori yakizidi kasi ya ukarabati, mashimo hayaepukiki. Mfupa nao uko hivyo hivyo. Isitoshe, misuli ya nyuma ya mguu inayoshikilia tao la unyayo huuvuta utando unaoufunika mfupa, na utando huo una mishipa mingi ya fahamu. Ndiyo maana uchungu wake ni mkali.

Walio hatarini zaidi ni wanaoanza mazoezi kwa pupa baada ya kukaa muda mrefu, na wanaoongeza siku, umbali na kasi kwa wakati mmoja. Wamo pia wenye nyayo bapa, wenye uzito mkubwa, na waliowahi kuumwa hivyo zamani. Wasichana hupatwa zaidi kuliko wavulana. Tafiti zilizofanywa katika nchi mbalimbali kwa wanamichezo na askari wapya zimekuta wanaopatwa ni kati ya asilimia 4 na 35, kutegemea kundi na ukali wa mazoezi.

Hapo kwenye askari wapya tusipite haraka. Vijana wetu wanaomaliza kidato cha sita huitwa Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa mujibu wa sheria, na baadhi yao hupangiwa makambi ya jirani kama Kanembwa, kule Kakonko. Kijana ametoka kukaa kwenye dawati miaka miwili, halafu ndani ya siku chache anakimbia kila alfajiri, tena akiwa na buti. Mzazi, ukijua mwanao anasubiri kuitwa, mwambie aanze kutembea kwa haraka na kukimbia kidogo kidogo wiki kadhaa kabla ya kuondoka. Utakuwa umempa kinga nzuri kuliko dawa yoyote utakayomfungia kwenye begi.

Huku kwetu kuna mambo mengine mawili yanayoongeza mzigo. La kwanza ni ardhi. Kuanzia Juni hadi Agosti viwanja vyetu hukauka vikawa vigumu, na watoto wengi huvichezea pekupeku, au kwa yeboyebo, au kwa raba za mtumba ambazo soli imekwisha zamani. La pili ni kazi ambazo hakuna mwalimu anayezihesabu. Mtoto anatembea kilomita kadhaa kwenda shule, anachota maji, anapanda mlima na kuni kichwani, anashika jembe, kisha saa kumi jioni anaambiwa akimbie mizunguko kumi. Daftari la mwalimu linaonyesha mizunguko kumi tu. Mguu wa mtoto umehesabu yote.

Jinsi ya kuyatambua

Mkalishe mtoto, mwambie anyooshe mguu, kisha pitisha vidole taratibu kwenye ukingo wa ndani wa mfupa wa muundi, kuanzia juu kidogo ya kifundo ukipanda kuelekea katikati. Maumivu ninayoyazungumzia hukaa hapo, kwenye nusu ya chini ya mguu kwa upande wa ndani. Huenea kwenye mstari wa sentimita 5 au zaidi, yaani upana wa vidole vitatu hivi au kupita. Mara nyingi huuma miguu yote miwili, ingawa mmoja unaweza kuzidi.

Mwulize pia yanakuja lini. Mwanzoni huuma anapoanza kukimbia, mwili ukipata joto yanatulia, na mazoezi yakiisha yanarudi. Watoto wengi hudanganyika hapo: wanaona yametulia, wanadhani wamepona. Wakiendelea, yataanza kudumu mazoezi yote, kisha yatabaki hata wakitembea kwenda darasani. Kadiri yanavyochelewa kutulia baada ya mazoezi, ndivyo jeraha lilivyokomaa.

Zipo dalili nyingine ambazo hazitaki kusubiri nyumbani. Mpeleke mgonjwa kwenye zahanati au kituo cha afya, na ikibidi hospitali ya Biharamulo au Murgwanza kule Ngara, ukiona mojawapo ya haya:

Maumivu yako mahali pamoja pa kugusa kwa ncha ya kidole, yanauma hata usiku amelala, na hawezi kuruka kwa mguu huo mmoja bila kulia. Huenda mfupa umeingia ufa. Picha ya eksirei ya wiki mbili tatu za mwanzo inaweza isiuonyeshe ufa huo, kwa hiyo picha safi isiwe ruhusa ya kurudi uwanjani ikiwa maumivu bado yapo.

Mguu unakaza kama umefungwa kamba kila anapokimbia, unyayo unakufa ganzi au unashindwa kunyanyuka, kisha akipumzika dakika chache unarudi sawa. Hapo msukumo ndani ya misuli unapanda kupita kiasi, na anahitaji daktari. Ikiwa hali hiyo imetokea baada ya kupigwa au kuanguka na haitulii hata akipumzika, ni dharura ya saa hiyo hiyo.

Kigimbi cha mguu mmoja kimevimba, kina joto na kinauma bila hata kukimbia. Damu inaweza kuwa imeganda kwenye mshipa.

Ana homa, na mfupa unauma. Wengi tukisikia homa tunawaza malaria peke yake. Mtoto apimwe malaria, lakini mweleze mhudumu kuhusu mfupa pia, maana maambukizi ndani ya mfupa huharibu haraka. Kanda yetu ya Ziwa ni miongoni mwa maeneo yenye watoto wengi wa selimundu nchini, na ugonjwa huo nao huleta maumivu makali ya mifupa. Mtoto anayerudia kuumwa mifupa bila sababu ya wazi apimwe selimundu.

Uvimbe mgumu juu ya mfupa, hasa karibu na goti, unaozidi kukua au unaouma usiku. Huo uonwe na daktari bila kukawia.

Safari ya kupona

Kama hakuna hata moja kati ya dalili hizo, tiba ya kwanza ni kuacha kukimbia na kuruka kwa muda. Kuacha kukimbia si kulala kitandani. Baiskeli, ambazo hatuna uhaba nazo, ni zoezi zuri sana kwenye njia tambarare, kwa kuwa moyo na mapafu hufanya kazi bila mguu kugonga ardhi. Mazoezi ya tumbo, mgongo na mikono yaendelee. Mchezaji abaki na timu yake, asaidie kuhesabu na kupanga koni, ili asijione ametupwa.

Siku za mwanzo, ubaridi hupunguza uchungu. Barafu ya dukani iliyofungwa kwenye kanga inatosha, dakika 15 hadi 20, mara mbili au tatu kwa siku, bila kuigusisha kwenye ngozi. Pasipo na friji, kitambaa kilicholoweshwa maji ya mtungini kinasaidia. Paracetamol inafaa kwa kipimo kilichoandikwa. Diklofenaki na dawa za jamii yake zisimezwe ovyo, kwa sababu huumiza tumbo na figo, na zaidi ya hapo humfanya mtu asisikie maumivu akaendelea kuubomoa mfupa. Asiwepo kocha wa kumpa mtoto kidonge ili amalize mechi.

Tuache pia kuuminya mfupa kwa nguvu na maji ya moto, na tuache kuchanja chale kwenye ugoko. Wembe hauwezi kuufikia ugonjwa huu, ila unaweza kuingiza pepopunda na usaha mahali ambapo hapakuwa na kidonda.

Maumivu ya kutembea yakiisha, misuli ianze kujengwa. Simama karibu na ukuta, inua visigino polepole, shusha polepole, mara kumi, pumzika, rudia mara tatu. Fanya magoti yakiwa yamenyooka, halafu yakiwa yamekunjwa kidogo. Egemea ukuta kwa mgongo, inua vidole vya miguu visigino vikibaki chini, kwa hesabu hiyo hiyo. Simama kwa mguu mmoja hadi uweze kutulia nusu dakika. Kila wiki ongeza kidogo, mpaka uweze kuinua kisigino cha mguu mmoja peke yake mara nyingi bila uchungu. Haya hayahitaji fedha wala chumba cha mazoezi.

Kurudi uwanjani kuna mlango wake. Mtu atembee kwa haraka nusu saa, siku kadhaa, bila maumivu, na ukibonyeza mfupa asishtuke. Hapo aanze kukimbia dakika moja na kutembea dakika mbili, mara nane hadi kumi, akipumzika siku moja katikati. Wiki inayofuata aongeze dakika za kukimbia na kupunguza za kutembea. Akimbie kwanza kwenye nyasi au udongo laini, aepuke miteremko, na kasi ije mwisho kabisa. Makocha wengi hutumia kadirio la kutoongeza zaidi ya sehemu moja ya kumi kwa wiki. Si sheria ya mwili, lakini humzuia mtu kukurupuka. Kipimo cha uhakika zaidi ni asubuhi inayofuata: akiamka na uchungu, arudi hatua moja nyuma.

Aliyewahi hupona kwa wiki mbili hadi sita. Aliyeficha anaweza kukaa miezi. Mfupa ukiingia ufa, kwa kawaida ni wiki sita hadi nane au zaidi bila kukimbia kabisa, na msimu umekwenda.

Kuna jambo la sahani pia. Mfupa haujengwi kwa tumbo tupu. Mtoto anayekimbia jioni bila kula tangu asubuhi anajiumiza mara mbili. Maharage, maziwa, mboga za majani, na dagaa wa Ziwa Victoria wanaoliwa pamoja na mifupa yao ni vyakula tunavyovijua, na dagaa kidogo tu huongeza madini mengi ya chokaa. Binti anayefanya mazoezi makali, kisha hedhi yake ikakatika miezi kadhaa, huenda hali chakula cha kutosha na mifupa yake inadhoofika. Mama, shangazi na mwalimu wa kike wamwulize kwa upole, na wampeleke kituoni.

Kuhusu ushujaa

Wapo watakaosema mchelea mwana kulia hulia yeye. Methali hiyo ni ya adabu na malezi. Mfupa ulioanza kuchoka haufunzwi kwa ukali.

Wapo pia watakaomtaja mkimbiaji wetu John Stephen Akhwari, nasi tunajivunia kumtaja. Mwaka 1968 kwenye Olimpiki ya Mexico City alianguka katikati ya marathoni, akaumia goti, akafungwa bandeji, akaendelea hadi kumaliza, zaidi ya saa moja baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kushinda. Heshima yake haitafutika. Lakini Akhwari alikuwa mtu mzima, siku ya mashindano, akiamua mwenyewe kwa ajili ya nchi yake. Mtoto wa darasa la sita kwenye mazoezi ya Jumanne jioni hana taifa linalomsubiri kwenye utepe. Ana miaka mingi mbele yake ya kukimbia, na kazi yetu ni kuhakikisha anaifikia.

Mtazameni Alphonce Simbu. Alipata medali ya shaba ya marathoni kwenye mashindano ya dunia London mwaka 2017. Tarehe 15 Septemba 2025, kule Tokyo, akashinda dhahabu kwa saa 2:09:48, muda sawa kabisa na Mjerumani aliyemfuata, ikabidi picha iamue. Ikawa dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano ya dunia ya riadha. Kati ya shaba na dhahabu ilipita miaka minane. Dhahabu hiyo isingepatikana kwa miguu iliyochakazwa utotoni.

Ninachowaomba

Walimu wa michezo, anzeni mazoezi ya timu wiki sita hadi nane kabla ya mashindano, badala ya wiki mbili. Siku ngumu ifuatwe na siku nyepesi. Kabla ya kuanza, waulizeni watoto wote kwa pamoja nani ugoko unamuuma, na anayenyoosha mkono asidhihakiwe. Mchakamchaka usigeuzwe adhabu, na kuruka kichura kusitumike kumrudi mtoto, kwa sababu kuruka huko ni mzigo ule ule kwenye mfupa ule ule.

Wazazi, siku za mazoezi makali mpunguzieni mtoto ndoo na kuni. Kagueni soli za viatu kabla ya kulaumu mguu. Hakikisheni amekula.

Viongozi wa kata na waandaaji wa ligi za vijana, tafuteni uwanja wenye nyasi, ondoeni mawe, na msipange mechi tatu kwa siku mbili kwa timu moja. Mkichangisha fedha za kombe, tengeni kiasi cha viatu na sanduku la huduma ya kwanza.

Wahudumu wa afya wa zahanati na wale wa ngazi ya jamii, tembeleeni shule msimu wa mazoezi unapoanza. Nusu saa inatosha kuwaonyesha walimu namna ya kupitisha vidole kwenye mfupa na kutofautisha mstari wa uchungu na nukta ya uchungu.

Nanyi vijana mnaokimbia, semeni mapema. Kusema mguu unauma si woga. Mwenzako akisema, usimcheke. Mpe baiskeli yako.

Hakuna jambo hata moja kati ya haya linalosubiri bajeti ya serikali au mfadhili kutoka mbali. Tuanze na msimu huu, kwenye kila shule ya Bisibo, Biharamulo na Ngara: mtoto akisema mguu unauma, aaminiwe, apumzike, apone, arudi kukimbia.